Kumngojesha Msomaji: Ufundi wa Shairi na Hadithi Fupi

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa Kiswahili na waandishi chipukizi mjini Mbeya

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, waandishi wenzangu wa hapa mjini na wa Rungwe, Kyela na Chunya, na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa na Njombe: wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya kutunga mashairi na kuandika hadithi fupi, na barua ya mwaliko ilizitaja sanaa hizo kana kwamba ni mada mbili, moja kabla ya chai na nyingine baada yake. Kwa ruhusa yako, Mwenyekiti, nimeziweka pamoja, kwa sababu naamini kwamba mtunzi wa ubeti wa mishororo minne na mwandishi wa hadithi ya kurasa sita wanahangaika na jambo lile lile, nalo ni kumfanya mtu asiyewajua, aliyechoka, mwenye simu mkononi, angoje. Sitazungumzia ujumbe, wala maadili, wala nafasi ya fasihi katika ujenzi wa taifa. Mambo hayo yana wasemaji wengi na wazuri. Nitazungumzia namna ambavyo maneno yanavyopangwa ili msomaji atake neno linalofuata, na namna ambavyo hamu hiyo huuawa, mara nyingi na mwandishi mwenyewe.

Mfano mfupi kuliko yote ni kitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitikia "Tega!", naye anatamka kwamba nyumba yake haina mlango. Kati ya tamko hilo na jibu lake, yaani yai, pana nafasi ambayo ndiyo sanaa yenyewe. Wanaojibu wanakosea, wanacheka, wanabishana, na wakishindwa kabisa mtegaji anadai apewe mji. Anapewa Tukuyu, anaukataa, anapewa Dar es Salaam, anakubali kwa madaha, na muda wote huo jibu liko mdomoni mwake. Angelitoa jibu mara tu baada ya kuuliza, tusingekuwa na kitendawili bali maelezo kuhusu mayai. Nasema kwa upendo kwamba sehemu kubwa ya hadithi ninazoletewa nizisome ni maelezo kuhusu mayai.

Nianze na shairi, kwa kuwa huko kungoja kunaweza kuhesabiwa. Ubeti wa tarbia tuliouzoea, yaani wa mishororo minne, wenye mizani (silabi) 16 katika kila mshororo, nane upande wa ukwapi, nusu ya kwanza, na nane upande wa utao, nusu ya pili, ulipata nguvu zake Mombasa katika zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Tangu hapo umesafiri sana. Nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya leo, nao nitauchambua bila huruma kwa kuwa mwenyewe nipo na siwezi kukasirika:

Mbeya mji wa baridi, mkaa haujafika,
Mama amepiga hodi, ndani kumenyamazika,
Deni la juzi lazidi, nalo halijalipika,
Watoto hawana budi, kulala pasi kupika.

Hesabuni mizani kwa vidole, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi huteleza. Neno "Mbeya" lina mizani miwili, kwani sauti ya mwanzo imeungana na irabu inayofuata. Lakini "mkaa" lina mizani mitatu, kwa kuwa ile "m" inasimama peke yake kama silabi, na irabu mbili za mwisho kila moja ina haki yake. "Mji" nalo lina mizani miwili. Anayehesabu herufi badala ya silabi atakuwa na mshororo unaoonekana sawa kwenye karatasi na kuchechemea mdomoni, na kwa sababu hiyo shairi la vina haliandikwi kimyakimya. Hutungwa kwa sauti, hata kama jirani atadhani mtu amechanganyikiwa.

Lakini mizani ni mwanzo tu. Tazameni kinachotokea sikioni. Baada ya mshororo wa kwanza msikilizaji ameshika vina viwili, "di" na "ka". Baada ya wa pili anajua kwamba vitarudi, na anajua vitarudi wapi, ila hajui vitaletwa na neno gani. Hapo ndipo mtunzi anapata nafasi ya kufanya kazi. Mshororo wa pili unasema mama amepiga hodi na ndani kumenyamazika, nao hausemi ni kwa nini jirani amenyamaza. Sikio linasubiri "di", akili inasubiri sababu, na neno "lazidi" linapofika linaitikia yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa sababu ni deni la juzi. Kina kilichokuja na habari kimefanya kazi mbili, na mtunzi ahangaikie kina cha namna hiyo.

Sasa linganisheni na mshororo ambao ningeweza kuuandika kwa uvivu: "Mbeya mji wa baridi, kweli sana nakwambia." Mizani ni 16, hakuna upungufu. Ila upande mzima wa utao umejazwa maneno yasiyo na kazi, na msikilizaji aliyengoja silabi nane amepewa silabi nane za upepo. Mashairi ya sherehe zetu, yale yanayoimbwa mbele ya mgeni rasmi, yamejaa "nakwambia", "sikia", "nawaeleza" na "bila ya shaka". Mtunzi anadhani ameokoa mizani. Kwa kweli amemfundisha msikilizaji kwamba nusu ya pili ya kila mshororo inaweza kupuuzwa, na akishajifunza hivyo hata mshororo mzuri ukija hatausikia.

Najua kwamba baadhi yenu mnangoja niseme ninasimama upande gani katika ule ubishi mkongwe wa vina. Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, yaani yasiyofuata vina wala mizani, mwaka 1974. Mulokozi na Kahigi wakaandika juu ya kunga za ushairi mwaka 1979. Na katikati ya miaka hiyo watu walirushiana maneno makali sana. Ninachopenda kuwakumbusha wenzangu wa nyanda za juu ni jambo ambalo halitajwi sana: Amri Abedi alikuwa mtu wa Ujiji, na Kezilahabi alizaliwa Ukerewe. Mathias Mnyampala, aliyeivumisha ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mtetezi wa sheria na mvunja sheria wote walitoka kandokando ya maziwa ya bara, mbali na Mombasa, na wala hawakuomba ruhusa. Kwa hiyo kijana wa Kyela au wa Makete anayeniambia kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa pwani, na kwamba yeye ni mgeni tu, namwomba atafute kisingizio kingine.

Kuhusu ubishi wenyewe, naona swali liliulizwa vibaya. Waliuliza kama utungo usio na vina ni shairi. Fundi anauliza jambo jingine: ukishaondoa kina, ambacho kilikuwa kinamngojesha msikilizaji, umeweka nini mahali pake? Kama hukuweka kitu, umebaki na nathari iliyokatwakatwa. Mtunzi mzuri wa shairi huru anaweka mkato wa mstari, yaani anaamua msomaji asimame wapi na kwa muda gani. Chukueni mama yule yule wa mkaa:

Hodi.
Ndani, kijiko kinagonga kikombe,
kisha
hakigongi.

Hakuna mizani, hakuna kina, na neno la deni halimo kabisa. Lakini neno "kisha" likisimama peke yake mstarini, jicho linalazimika kusita, na katika kusita huko msomaji anasikia kijiko kikiwekwa chini na mtu anayejifanya hayupo nyumbani. Hiyo ndiyo sababu ya mstari ule kuwa na neno moja. Mkato usio na sababu ya namna hiyo ni mapambo, na mapambo ni rahisi kuliko vina, jambo linaloeleza kwa nini shairi huru limevutia watu wengi wasiopenda kufanya kazi. Binafsi natunga kwa namna zote mbili, na mwanafunzi anayeanza ninamwanzisha kwa vina, ili ajue anachokiacha siku atakapokiacha.

Niingie katika hadithi fupi. Huku hakuna anayehesabu silabi, na kwa hiyo makosa yanajificha vizuri zaidi. Kosa la kwanza ni kutangaza mwisho mwanzoni. "Ulevi ni jambo baya katika jamii. Hapo zamani palikuwa na mtu aliyeitwa Mwakalinga ambaye alipenda sana pombe." Msomaji amekwisha kumaliza hadithi, kilichobaki ni kumsindikiza Mwakalinga kaburini. Sasa sikilizeni mwanzo mwingine: "Mnunuzi alipofika kuliona shamba la ndizi, Sekela alimkaribisha chai kwanza, ndipo akamwambia kwamba mume wake hajui lolote." Hapa hakuna fundisho, lakini maswali yamejaa nyumba. Kwa nini anauza? Mume yuko wapi, na atarudi lini? Mnunuzi ataondoka au atakaa amalize chai? Na kwa nini Sekela alisema ukweli, wakati angeweza kunyamaza na kupokea fedha? Swali hili la mwisho ndilo litakaloibeba hadithi, kwa sababu linahusu moyo wa mtu, wakati mengine yanahusu matukio tu.

Angalieni pia kwamba mwanzo huo haukuficha kitu. Wengi huchanganya kungojesha na kuficha. Kuficha ni pale mwandishi anapojua jambo, mhusika anajua, kila mtu kijijini anajua, isipokuwa msomaji, halafu aya ya mwisho inalipuka: kumbe yule dada alikuwa marehemu, kumbe yote ilikuwa ndoto, kumbe muuaji alikuwa baba yake. Tunaipenda sana miisho ya aina hii, na redio na simu zimetuzoesha kuipenda. Mimi naipima kwa njia moja: je, nikirudi kusoma hadithi upya nikiwa nimeujua mwisho, kila ukurasa unazidi kupata maana, au unageuka kuwa ujanja wa kunipotezea muda? Ikiwa ni ujanja, mwandishi hakuningojesha, alinifungia mlango.

Ushahidi mzuri kwamba kungoja hakutegemei kuficha uko hapa kwetu. Kila mwaka nasoma mashairi na hadithi kuhusu Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na karibu zote zinafuata mpangilio wa kitabu cha historia: Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kifo cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894, Mkwawa kujipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Mambo haya ni ya kweli na hayana la kumfanya mtu angoje, kwa kuwa mtoto wa darasa la tano Iringa anajua mwisho wake. Basi mwandishi afanye nini na kisa ambacho mwisho wake unajulikana? Atafute ndani ya kisa mahali ambapo watu wenyewe walikuwa wakingoja. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, lililokuwa limepelekwa huko, katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolikabidhi, yaani miaka 35 baada ya mkataba na miaka 56 baada ya kifo. Mtu aliyeachwa akiwa mtoto mwaka 1898 alikuwa mzee mwaka 1954. Kati ya miaka hiyo aliolewa au alioa, alilipa kodi, alizika, alisikia kwamba kichwa kinakuja na alisikia kwamba hakiji. Hapo pana hadithi fupi kumi, na hakuna hata moja inayohitaji kumficha msomaji kwamba fuvu litarudi. Sote tunajua kuwa liko katika makumbusho ya Kalenga. Tunachongoja ni kujua mtu huyo mmoja atafanya nini siku hiyo, kama atakwenda au atabaki shambani.

Nikae kidogo kwenye vitenzi, maana hapo naona ugonjwa wetu mkubwa, na ni ugonjwa wa Kiswahili hasa. Lugha yetu ina kiambishi cha "ka" kinachosukuma masimulizi mbele, na ni utajiri mkubwa. Lakini mwandishi akishakipanda hashuki. "Aliamka, akanawa uso, akavaa viatu, akatoka, akapanda daladala, akafika Mwanjelwa, akaambiwa kaka yake amefariki." Sarufi haina kosa. Tatizo ni kwamba kunawa uso na kufiwa vimepewa kitenzi cha aina moja na urefu ule ule, kwa hiyo kifo kimepita kwa mwendo wa viatu. Msomaji hakupewa mahali pa kusimama. Sasa tuikate minyororo ile: "Alifika Mwanjelwa mvua ikikatika. Banda la kaka yake lilikuwa limefungwa. Mwenye banda la pili alikuwa akipanga nyanya, moja moja, bila kuinua macho." Kiambishi cha "ki" kimeshikilia wakati, "limefungwa" limetuonyesha hali badala ya tendo, na nyanya zile zinapangwa polepole mno. Sijasema kwamba mtu amekufa. Msomaji ameshaanza kuogopa, na anaogopa kwa sababu mwenye nyanya hainui macho. Ukishafika hapo unaweza kurudi kwenye "ka" na ikasikika: "Akamwamkia. Hakuitikiwa."

Maamkizi yenyewe ni somo. Katika maisha yetu hakuna mazungumzo yasiyoanza na salamu ndefu, za nyumbani, za watoto, za mashamba na za mvua, na mwandishi mwaminifu huziandika zote, naye anamaliza ukurasa mzima kabla ya mtu yeyote kusema alichojia. Salamu iandikwe inapokuwa na jambo: inapochelewa, inaponyimwa, kijana anapompita mzee bila shikamoo, au mtu anapoitikia "marahaba" kwa sauti ambayo si ya siku zote. Vilevile, mhusika wenu akisema "kamwene" katika soko la Mwanjelwa, msomaji wa hapa ameshajua kwamba ametoka upande wa Iringa au Njombe, na msomaji wa Tanga atajua baada ya kurasa mbili. Mwacheni angoje, msimpe maelezo kwenye mabano. Lakini mjue mnachokitaja. Mkiandika kwamba wanaume wa Mufindi walikaa Septemba wakinywa ulanzi mbichi uliogemwa asubuhi ile, mtu wa Mufindi atakifunga kitabu, kwa kuwa anajua mianzi hugemwa msimu wa mvua. Mkiandika juu ya mkulima wa viazi wa Uporoto na mnunuzi anayetaka gunia lijazwe lumbesa, kilemba kizima juu ya mdomo wa gunia, hamhitaji tena sentensi inayosema kwamba mkulima anadhulumiwa. Gunia limeshasema, na ninyi mnaweza kuendelea na jambo ambalo msomaji halijui.

Kuhusu urefu, nitasema machache. Hadithi fupi haina idadi ya maneno iliyoshuka kutoka mbinguni; mashindano huweka kikomo chao, wahariri huweka chao, na mwandishi mwenye busara anasoma masharti. Kipimo changu ni kwamba hadithi inakwisha pale swali lililoanzishwa linapopata jibu au linapobadilika kuwa swali lisiloweza kujibiwa na wahusika hao. Hadithi ya Sekela inaweza kuisha mnunuzi akiwa bado ameshika kikombe. Wengi wangeongeza aya ya mume kurudi, kesi barazani, na ushauri wa mwenyekiti wa kijiji. Nawaelewa, kwa kuwa shuleni tulizoeshwa kwamba kisa lazima kifike mahali ambapo swali la mtihani, "hadithi hii inatufundisha nini", lina jibu la alama mbili. Walimu mlioko hapa mnajua kwamba swali hilo haliondoki kesho. Ninachoomba ni kwamba mwanafunzi anapoandika hadithi yake mwenyewe, asilijibu yeye. Awaachie wenye kusahihisha.

Mwenyekiti amenionyesha saa, kwa hiyo nieleze tutakavyofanya baada ya chai. Kwa kila hadithi mliyoniletea, mtu asiye mwandishi wake atasoma aya ya kwanza peke yake kwa sauti, kisha atanyamaza, na ukumbi utasema unangoja nini. Mwandishi haruhusiwi kueleza, kutetea wala kutikisa kichwa mpaka wote wamalize. Ikiwa watu wanangoja mambo tofauti na yale aliyoyakusudia, atayaandika kwenye daftari, kwa sababu huenda wamemwonyesha hadithi iliyo bora kuliko yake; ikiwa hawangoji kitu, tutasoma aya ya pili, halafu ya tatu, mpaka tupate sentensi ya kwanza inayowafanya watu wakae vizuri vitini, na tutaweka alama hapo, kwa kuwa mara nyingi hadithi huanzia hapo na yaliyotangulia yanaweza kufutwa. Mashairi tutayasoma mshororo kwa mshororo, tukisimama kabla ya kila kina cha mwisho ili ukumbi ukikisie; kina ambacho ukumbi mzima utakitaja kwa pamoja bila kusita, mtunzi wake atalala nacho leo akitafuta kingine. Wale ambao kazi zao zimeandikwa kwa mkono, tafadhali mpeni katibu nakala sasa hivi ili ziwahi kutolewa fotokopi.